Sikuwaona, Nikaandika Hawapo

Siku yangu ya kwanza kazini nilishtuka kabla hata sijaonyeshwa kiti. Ilikuwa masjala ya chama cha wakulima wa miwa, upande wa Kidatu, chumba chenye joto na harufu ya makaratasi ya zamani. Mkuu wa Masjala, mzee mrefu wa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, alinipeleka kwenye rafu ya mwisho, akavuta sanduku la mbao, akaniambia, "Hawa ni marehemu." Nilirudi nyuma hatua mbili. Jamani, mimi nilikuja kuajiriwa ukarani, sikuja kulinda maiti!

Zilikuwa kadi. Kila mkulima alikuwa na kadi yake moja: jina, shamba, tarehe ya kujiunga, majina ya mashahidi. Mtu akifariki, jina lake linapigwa mstari kwa penseli nyekundu, mstari mmoja mwembamba ili liendelee kusomeka, kisha kadi inahamia kwenye sanduku lile la chini.

"Kadi haichanwi, Skolastika," aliniambia. "Hata mtu afe, hata ahame, hata atutukane. Na mstari mwekundu hupigi mpaka umeliona kaburi, au umempata mtu aliyeliona."

"Na aliyehama je?"

"Unakwenda kwake, unagonga. Halafu unamuuliza jirani. Halafu unamuuliza jirani wa pili, maana yule wa kwanza huenda waligombana."

Niliona ni usumbufu mtupu. Nilikuwa binti mwenye haraka, na jua la Kidatu mnalijua, si la kuzungukia majumba ya watu kuuliza nani yuko wapi. Lakini bosi ni bosi. Nilizunguka. Nilikuja kuyakumbuka maneno yale miaka mingi baadaye, nikiwa na miwani na mvi, siku ambayo sitaisahau mpaka nami nikapigiwe mstari mwekundu.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mnaokaa leo mbele ya skrini na kuwapanga watu kwa kidole. Sina elimu kubwa ya kompyuta. Nilijifunzia kazini, tena kwa kukemewa.

Kompyuta ya kwanza ililetwa na Afisa Takwimu kutoka makao makuu. Alikuwa mtu wa maneno machache na jasho jingi. Alituingizia kadi zote kwenye kile alichokiita kanzidata, yaani daftari lililo ndani ya mashine, ambamo kila mkulima amekuwa mstari mmoja, na kila habari yake, jina, shamba, kijiji, imekaa kwenye safu yake. Kulitazama daftari hilo unahitaji programu ya kulifungulia na kulipekua, kivinjari cha kanzidata. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu: kupekua watu.

Wiki ya kwanza niliangusha kilio ofisini. Nilikuwa nimegusa kitu, sijui kitu gani, majina yote yakaruka juu yakatoweka, ikabaki karatasi tupu. Nikapiga ukelele, "Wakulima wamepotea! Mungu wangu, nimewafuta wote!" Watu wakaja mbio mpaka mlinzi wa getini. Afisa Takwimu akaja taratibu anajifuta jasho, akashika kipanya, akavuta ule mpini mwembamba wa pembeni mwa skrini kuupandisha juu. Majina yakarudi yote.

"Dada, hawajapotea. Umeshuka chini mpaka umewapita. Usichokiona haina maana hakipo."

Ofisi nzima ilicheka, mlinzi akanipa jina la Mama Wamepotea, na jina hilo lilinifuata mpaka nilipohama. Nami nilicheka. Laiti ningeyaandika maneno yale ukutani!

Jambo la pili alilotufundisha lilikuwa baya, ingawa aliliona la busara. Programu ile ilikuwa ya Kiingereza, na kila mara ilikuwa inatoa kisanduku chenye swali katikati ya skrini. Sisi tulikuwa tunaganda, tunamwita. Akachoka. "Ikikuuliza chochote," akasema, "bonyeza Enter, kazi iendelee." Basi. Tulifundishwa kusema ndiyo kwa swali tusilolisoma. Na nyie msijidai, nawaona kwenye simu zenu mnavyokubali masharti msiyoyasoma.

Baadaye niliolewa Mlabani, mtaa wa Ifakara, nikaomba kazi hukohuko, nikapata utunzaji wa daftari kwenye skimu ya umwagiliaji ya mpunga. Skimu hiyo ilikuwa na mifereji, milango ya maji, na mashamba yaliyokatwa kwa vipimo, kila shamba na namba yake na mwenye nalo. Mkubwa wetu alikuwa Meneja wa Skimu, mtu mchapakazi kweli, lakini hana subira hata ya kusubiri chai ipoe. Na nje ya mlango wake benchi halikukauka watu wanaoomba mashamba. Walikaa pale tangu asubuhi, wanasubiri kusikia kama yuko mwenye shamba aliyehama au kuacha kulima.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo shina la mambo lilipo. Daftari letu lilikuwa na safu moja inayoitwa Hali. Ndani yake mlikuwa na tarakimu tu. Moja maana yake mtu yupo. Mbili, hayupo. Tatu, amefariki. Ile mbili ilikuwa inaandikwa kwa taarifa za Bwana Kasto, tarishi wetu, mtu mzima mwenye baiskeli na goti bovu. Yeye ndiye aliyekuwa anapeleka barua za skimu majumbani. Na mnajua huku kwetu: mpunga ukishashika, mtaa wa Lipangalala nusu nzima unafunga milango. Watu wanahamia shambani na sufuria zao, wanalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, wanafukuza ndege mchana kutwa na nguruwe pori wakija. Wanarudi mjini mavuno yakiisha. Kwa hiyo Bwana Kasto akikuta kufuli, anasema, "Huyu mbili," nasi tunaandika mbili, ili asilipeleke goti lake bure kwenye mlango uliofungwa.

Kwa hiyo mbili ilikuwa na maana ya yuko shambani. Tena yuko shambani kwake hasa, analinda mpunga wake! Ofisi nzima tulilijua hilo. Hatukuliandika popote, kwa sababu tulikuwa tunalijua.

Miaka michache kabla sijastaafu, skimu ilimleta mtaalamu wa mifumo kutoka Morogoro aje aiboreshe ile programu. Niliposikia mtaalamu nilitegemea mwanaume mwenye tai. Akaja dada wa miaka thelathini hivi, Neema, kilemba kichwani na daftari la karatasi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi wako yuko wapi?"

"Ndiye mimi, mama."

Nilibaki nimeshika kikombe. Akavuta stuli, akakaa nyuma ya bega langu, akakaa pale siku tatu bila kugusa mashine, anatazama tu mkono wangu unakwenda wapi. Siku ya nne akaniuliza, "Mama Skola, kwenye programu hii ni kitu gani kinakuudhi?"

Loo! Tangu niajiriwe, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilimwaga yote. Herufi ni ndogo kama sisimizi. Lugha si yangu. Safu ni arobaini na mimi nahitaji sita. Nikishuka chini, vichwa vya safu vinapotea, sijui tena hii namba ni ya shamba au ya simu. Nikitafuta jina kama Osmunda nikaanza na o ndogo, inaniambia hakuna. Nikikosea, hakuna njia ya kurudi nyuma. Neema aliandika kila neno.

Jamani, yule binti alikuwa na mkono! Alikuja na sura mpya, nikadhani nimebadilishiwa mashine. Kiswahili kitupu. Vichwa vya safu vimekaa palepale hata ushuke mpaka kesho. Kisanduku cha kutafutia, unaandika herufi mbili tatu na majina yanaanza kujichuja yenyewe. Kitufe cha Tengua, kinachorudisha ulichokosea. Kitufe cha Chapa, kinachotoa orodha yoyote unayotaka. Nilishangaa mpaka nikamkumbatia.

Lakini kulikuwa na ombi langu moja la mwisho.

"Hawa wenye mbili, mwanangu, wananijazia skrini. Msimu wa kilimo ukifika ninapanga barua za Bwana Kasto, nusu ya orodha ni watu ambao siwapelekei barua. Nifichie."

"Naweza kuweka chujio," akasema. Chujio ni hilohilo mnalolijua la chai: unamimina, majani yanabaki juu, unachokitaka kinapita. "Lakini mama, nikiwaficha, utajuaje kwamba umewaficha? Ngoja nikuwekee utepe wa njano hapa juu, uandike kuna mistari iliyofichwa."

Akauweka. Ulikuwa utepe mnene wa njano, unakula mistari miwili ya juu. Nikautazama nusu saa tu, ukanikera.

"Uondoe."

"Mama..."

"Uondoe bwana, unanichoma macho. Mimi si mtoto, nitakumbuka."

Aliinamisha kichwa akaandika kitu kwenye daftari lake. Akauondoa. Ningekuwa na uwezo wa kubonyeza Tengua maishani mwangu mara moja tu, ningeibonyeza pale.

Msimu ukafika. Nikaweka chujio, nikapanga barua za Bwana Kasto kwa raha zangu. Siku ya pili Meneja akaingia na haraka zake. Mkutano mkuu wa wanachama ulikuwa karibu, na benchi la nje lilikuwa limejaa.

"Mama Skola, nichapie mashamba yasiyo na mwenyewe. Sasa hivi."

Nikabonyeza Chapa. Kazi ile ya kuchapa ilikuwa inachukua majina yaliyo mbele yako kwenye skrini, inayalinganisha na namba za mashamba. Shamba lisilopata jina, linaandikwa kwamba halina mwenyewe. Programu ikatoa kisanduku, ikaniuliza kwa Kiswahili safi kabisa: Je, orodha hii imekamilika? Nami, kwa mkono uliofundishwa Kidatu, nikabonyeza Enter.

Yakatoka mashamba thelathini na moja.

"Mbona mengi?" nikasema. Naapa nilisema.

"Watu wanahama, mama. Maisha," Meneja akajibu, kalamu tayari iko mkononi. Akasaini. Akanisogezea, kwa sababu saini ya mtunza daftari nayo inatakiwa. Nikasaini. Nikapiga muhuri, nikanywa chai.

Jumatano ya wiki iliyofuata mlango wa masjala ulisukumwa ukagonga ukuta. Aliingia Mama Osmunda, mjane wa Lipangalala, mwanamke ninayemjua miaka yote, tumeimba kwaya moja. Miguu ilikuwa na matope mpaka magotini, kombeo la kufukuzia ndege linaning'inia shingoni. Mkononi alikuwa na kigingi, kile cha mti kinachopigwa kwenye kona ya shamba kikiwa na jina la mwenye shamba. Akakiweka juu ya meza yangu, juu ya makaratasi, na matope yake. Jina lililokuwa juu yake silo lake.

"Skola," akasema. "Mimi sipo?"

"Kuna nini, mama?"

"Nakuuliza wewe. Mimi sipo? Nimekaa chini ya dungu langu, nimebandika ugali. Wanakuja watu wenu wawili na mgeni, wana nyundo. Nawakaribisha. Wanapita mbele yangu, wanang'oa kigingi changu, wanapigilia hiki. Nawauliza, jamani, mnamtafuta nani? Wanasema, mwenye shamba hayupo, ofisi imempa mwingine. Nikasema, na mimi ni nani? Unajua walinijibu nini?"

Nikatikisa kichwa.

"Walisema, 'Mama, karatasi ndiyo inavyosema.' Ugali wangu wanauona! Mpunga umeinamisha vichwa, bado wiki tatu nakata, na wananiambia mkutano wa Jumamosi ukipitisha, niondoke na sufuria yangu!"

Nikageukia kompyuta. Ndivyo nilivyofanya, siwafichi. Mtu amesimama mbele yangu ananitonea matope sakafuni, nami nikaandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia. O, s, m. Skrini ikajibu: Hakuna.

Nikarudia na herufi kubwa. Hakuna. Nikaandika namba ya shamba. Hakuna. "Mama Osmunda," nikasema, na mpaka leo sijui mdomo wangu uliwezaje, "kwenye kompyuta hupo."

Aliinama mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wangu. Hakupayuka tena.

"Nitazame mimi, Skola. Usimtazame huyo. Nitazame mimi."

Nikamtazama. Hapo ndipo nikasikia, kama mtu ananisemea sikioni, sauti ya yule Afisa Takwimu mwenye jasho. Usichokiona haina maana hakipo. Nikashika simu nikampigia Neema. Nilikuwa nalia.

"Mama, tulia. Juu kulia, kuna picha ya chujio. Ni ya bluu?"

"Ya bluu."

"Ibonyeze."

Nikabonyeza. Nyie! Ule mpini wa pembeni ukajikunja ukawa mfupi, majina yakatiririka kutoka chini, na chini, na chini, mpaka nikaweka mkono mdomoni. Osmunda alikuwepo. Shamba lake lilikuwepo, saini ya marehemu mumewe ilikuwepo, na kwenye safu ya Hali, tarakimu mbili. Nikachukua ile orodha ya thelathini na moja, nikaanza kulinganisha jina kwa jina. Huyu, mbili. Huyu, mbili. Huyu, mbili. Wote! Hakuna hata mmoja aliyehama. Tuliwanyang'anya mashamba watu thelathini na moja kwa kosa la kuwa kwenye mashamba yao.

Meneja nilimkuta ofisini kwake anapanga ajenda. Nilimweleza nimesimama. Uso wake ulikwajuka, akaketi, akavua saa mkononi akaiweka mezani, akaivaa tena.

"Barua za wale wapya zimeshatoka," akasema. "Zina muhuri."

"Muhuri nilipiga mimi, mzee. Nimekosea."

"Sikiliza. Wewe umebakiza miezi minne ustaafu kwa heshima. Tutasema programu imeharibika. Yule binti wa Morogoro ndiye aliyeitengeneza, atajieleza. Tena tutaunda kamati, ichunguze mpaka baada ya mavuno."

"Baada ya mavuno nani atakuwa amevuna?"

Akashika kalamu, akarudi kwenye ajenda yake. Nilirudi kwenye meza yangu, kigingi bado kiko pale juu ya makaratasi. Nilikaa nimekitazama. Niwe mkweli: neno lile la miezi minne lilinikaa kichwani. Niliwaza sherehe, niliwaza wajukuu wananipiga picha na cheti. Nikawaza, binti yule bado mdogo, ataipata kazi nyingine. Nilijishtukia nawaza hivyo nikaona aibu peke yangu.

Jumamosi uwanja wa skimu ulijaa. Waliotoka kwenye madungu walikuja na majembe yao na hasira zao, na waliopewa barua walikaa upande wa pili wamezishika mkononi, nao hawana kosa. Neema alikuwa amepanda basi la alfajiri kutoka Morogoro. Alikaa mstari wa mbele, lile daftari lake la karatasi limefunikwa magotini.

Meneja akasimama, akaeleza kwa Kiswahili kigumu kwamba mfumo ulipata hitilafu ya kiufundi, na kwamba mtaalamu aliyeutengeneza yuko hapa, atajibu. Macho yote yakamgeukia. Minong'ono ikaanza. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe ni huyu!"

Neema alifungua daftari lake. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikaona ukurasa wenyewe. Mwandiko wake mdogo, umepigwa mstari chini: Mama Skola hataki utepe wa onyo. Nimemshauri. Amekataa. Alikuwa na kila kitu pale. Angesoma mistari ile mitatu tu, angerudi Morogoro na jina lake. Aliutazama ukurasa, akalifunga daftari, akaanza kusema, "Wazee wangu, kwa kweli mimi..."

Nilishtuka kuliko siku zote nilizowasimulia. Binti huyu, ambaye nilimuuliza fundi wake yuko wapi, alikuwa anataka kunibebea mzigo wangu!

"Kaa chini, Neema," nikasema.

Nikasimama. Nikawaambia ni mimi. Nilitaka skrini yangu iwe safi, nikawaficha watu. Aliyeitengeneza programu alitaka kuweka onyo, nikakataa kwa kiburi. Mashine iliniuliza kama orodha imekamilika, nikasema ndiyo bila kusoma. Mashine haikuharibika hata kidogo, ilifanya nilichoiambia. Nikainua kile kigingi alichokileta Osmunda, nikasema, "Na hata mlango mmoja sikugonga. Hata jirani mmoja sikumuuliza."

Kisha Mama Osmunda akasimama na kombeo lake shingoni. Nilijua ananimaliza. Akasema, "Sasa si mmesikia? Ng'oeni vigingi vyenu, ndege wanakula mpunga wangu." Akaondoka zake kwenda shambani, na watu wakamfuata. Mkutano ulipiga kura bila yeye, mashamba yakarudi kwa wenyewe. Walionyang'anywa barua walinilaani, na walikuwa na haki.

Mashamba yalirudi thelathini na moja. Watu walirudi thelathini. Mmoja alikuwa Mzee Kiliani, mtu mpole sana, anayevua kofia hata akisalimiwa na mtoto. Siku walipopiga kigingi kwake hakuuliza neno. Alifunga mkeka wake, akasaidia kushika kigingi wakati kinapigiliwa, akaenda kwa binti yake, kule Mang'ula. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Nilimkuta uani, amekaa tu.

"Mzee, kwa nini hukuja kuuliza?"

"Nilidhani ofisi inajua zaidi yangu," akaniambia.

Mpunga wake ulikuwa umeshaliwa na ndege. Hakurudi. Akafariki hukohuko mwezi uliofuata, na mimi ndiye niliyeandika tatu kwenye mstari wake, baada ya kwenda kuliona kaburi.

Miezi yangu minne ya mwisho nilikaa na Neema tukaitengeneza upya sura ya programu. Utepe wa njano umerudi, mnene kuliko wa kwanza, na hauondoki hata ulie. Tarakimu zimekwisha, sasa maneno yanaandikwa yote: Yuko shambani. Amehama, ameshuhudiwa na fulani, na fulani wa pili. Kitufe cha Chapa kinachukua daftari zima, si kile kilicho mbele ya macho yako. Na kabla ya kutoa orodha yoyote ya kumwondoa mtu, programu inakuonyesha jina lake, inakuuliza nani amemwona mara ya mwisho. Hapo Enter haifanyi kazi. Tuliizima. Lazima uandike jina la mtu huyo kwa mkono wako, herufi kwa herufi.

Nilistaafu kwa keki na kitenge. Meneja alitoa hotuba fupi, hatukutazamana sana. Cheti nimekitundika, lakini nikikitazama namwona Mzee Kiliani ameshika kigingi.

Sasa mimi pia nina shamba dogo kwenye skimu, nilirithi kwa marehemu mume wangu. Msimu huu nilifunga nyumba ya Mlabani nikahamia kwenye dungu. Wiki ya tatu nikalala vibaya, nikaamka namwaza Mzee Kiliani, nikaacha ndege wale watakavyo nikaenda ofisini na matope yangu. Karani mpya, mama mmoja mwenye adabu nyingi, alikuwa anaandika.

"Mwanangu," nikasema, "naomba kujua. Mimi nipo?"

"Shikamoo mama. Subiri kidogo," akasema, macho hayakutoka kwenye skrini, vidole vinaanza kutafuta jina langu. "Nikuangalie kwenye kompyuta."

Niliinama mpaka uso wangu ukawa mbele ya uso wake.